Chupa Zenye Chokaa Mgongoni

Ijumaa, baada ya alasiri

Cherehani ya Hakimu ilikuwa inakimbia bila kitambaa.

Ndivyo walivyozungumza kule nyuma ya duka lake. Mguu wa fundi kwenye pedali, sindano inatoboa hewa, trrrr, maneno yanapita chini ya kelele. Aliyekaa barazani alisikia fundi ana kazi nyingi. Aliyekaa ndani alisikia wizi.

"Kesho ni umuganda," Narcisse alisema. "Mpaka saa tano muji muzima uko kwa kazi za mutaa, jembe mukononi. Duka zimefungwa, gari hazitembei. Nyumba ya Muzee Ndahiro inabaki na mutu mumoja." Akamwelekezea kidevu Claudette. "Huyu."

Claudette hakutikisika. Ndiye aliyempikia mzee huyo na kumfulia tangu mke wake afariki. Nyumba yenyewe ilikuwa chini kule, karibu na ziwa, ukuta mrefu, maua ya zambarau juu ya ukuta, na chini ya jiko kuna ghala la mawe ambalo mji mzima ulilijua kwa masimulizi. Wengine walisema lina dhahabu. Claudette alijua lina porto, divai nyeusi tamu iliyovuka bahari kabla yeye hajazaliwa.

"Waeleze mambo ya Ijumaa," Narcisse alimwambia.

"Kila Ijumaa Muzee anaita wageni," Claudette alisema. "Wakishiba, anawauliza: ukiambiwa uchague porto iliyotengenezwa mwaka mumoja fulani, unywe ile tu mpaka unakufa, unachagua gani? Yewe! Batu wazima wanabishana mpaka chakula inapoa. Yeye hasemi yake. Anashuka chini mwenyewe, na ile goti yake imekataa kukunja, anarudi na chupa, anawamwagia. Anawaangalia sura."

"Na Patron Rwema alikaa kwa ile meza," Narcisse akadakia. "Mara moja tu. Sasa daktari amemukataza pombe yote, amemuachia glasi moja, saa tisa, basi. Glasi moja kwa siku mpaka kaburini. Donc anasema, kama ni moja, iwe ile ya Muzee."

"Si anunue?" Hakimu aliuliza.

"Aliomba. Muzee akamucheka mbele ya wageni."

Trrrr.

"Na tutaijua vipi?" Aliyeuliza hivyo ni Niyonshuti. Kila mtu alimwita Shuti, na kila mtu alikuwa rafiki yake, kuanzia wauza sambusa hadi mapadri. Dereva wa Dyna, lori dogo la kukodi. Alizaliwa Goma, akakulia mjini Gisenyi, na mashamba aliyaona kupitia kioo cha gari. "Muzee iko na chupa kama maktaba."

"Karatasi zimeoza zote, ule unyevu wa ziwa," Claudette alisema. "Mwaka umeandikwa kwenye kizibo, mupaka ufungue. Mi sijaingia mule hata siku moja. Lakini chupa anayoleta naijua. Iko na chokaa mugongoni. Alama nyeupe, kama mutu amepitisha brashi."

Narcisse akapiga makofi mara moja. "Voilà! Muzee ameweka alama kwa ile anapenda. Tunachukua za chokaa, zingine tunaacha zilale."

Hakimu akacheka. "Mi ningeambiwa nichague kitu kimoja maisha yote, ni chai. Tangawizi nyingi."

"Mi ikivuguto," Claudette akasema. "Maziwa ya mugando ya kwetu, baridi. We, Chef?"

"Bia."

"Gani?"

"Yoyote," Narcisse alisema. "Pombe ni pombe."

Niyonshuti akasogeza kigoda chake karibu na cherehani. "Na Muhire?" aliuliza.

Mguu wa Hakimu ukapunguza mwendo. Sindano ikapiga tak, tak, tak.

Muhire alikuwa mdogo wake Niyonshuti, kinyozi, mdomo mrefu kuliko mkasi. Rwema, tajiri aliyewaagiza porto hiyo, hakuamini maneno ya majambazi, alitaka rehani, na rehani yenyewe iwe mtu. Narcisse ndiye aliyemtoa Muhire, bila kumuuliza mtu, Jumanne, kwenye kibanda chake mwenyewe cha kunyolea, povu bado liko kwenye shingo ya mteja. Sasa alikuwa amekaa juu kule Bugeshi, kwenye nyumba ya Rwema chini ya volkeno.

"Muhire anakula vizuri kuliko we," Narcisse alisema. "Kesho Patron akionja akatikisa kichwa, mudogo wako anashuka."

"Na akionja akakataa?"

Narcisse akainama, akatoa kicheko chake kidogo. "Unajua alichosema. Atapandishwa volkeno na vijana wawili, na wale vijana watashuka wawili. Donc tusikosee."

Jumamosi, umuganda umeanza

Toroli tatu. Majembe juu yake. Buti za mpira. Asubuhi hiyo mtu bila jembe ndiye aliyeonekana mwizi.

Walipita kati ya watu wakisalimia kulia na kushoto. Barabara ya chini ilikuwa imeliwa na mvua, na mtaa wote ulikuwa pale, walimu, wenye hoteli, wanawake wa soko, wakijaza mashimo kwa changarawe nyeusi ya volkeno. Mzee Ndahiro hakulazimika kufika, umri wake ulishamsamehe. Lakini alipenda umbea wa umuganda kuliko kiti chake cha nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya shimo, mguu mbovu umenyooka mbele, anaelekeza watu kwa fimbo. Mlinzi wake alikuwa shimoni na sepetu.

Claudette aliwafungulia geti la nyuma. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwenye koti la mzee, na koti lilikuwa kwenye msumari.

Hakimu alibaki nje akijaza udongo kwenye toroli yake. Wengine wakashuka.

Baridi. Harufu ya jiwe lililolowa na ya kitu kitamu kilichozeeka. Niyonshuti akawasha tochi ya simu. Rafu ya kwanza ilikuwa hapo hapo karibu na mlango, chupa nyeusi zimelala, kila moja na mstari mweupe mgongoni. Akashusha pumzi. Chokaa. Wamefika.

Akapeleka mwanga kwenye rafu ya pili.

Chokaa.

Ya tatu, kule mwisho ukutani, chini kabisa, vumbi nene kama blanketi. Narcisse akapitisha kidole kwenye vumbi.

Chokaa.

Chupa zote za ghala lile zilikuwa na chokaa mgongoni.

"Ametuuza," Narcisse alisema polepole. Aligeuka, akamshika Claudette mkono pale kwenye ngazi. "We mwanamuke, umetuuza."

"Mi? Nimesema nilichoona! Kila Ijumaa chupa iko na chokaa!"

"Zote ziko na chokaa!"

"Mi nitajuaje, sijawahi kuingia! Niachie, unaniumiza."

Niyonshuti alikuwa amechuchumaa. Alitazama chupa moja, akatazama jirani yake. Mstari mweupe ulikuwa upande wa juu kila mara, wala haukuwa chini hata kwenye chupa moja. Aliwahi kubeba friji nyingi kwenye Dyna, kila katoni na mshale wake: huku juu, usigeuze.

"Mwachie," alisema. "Si alama ya Muzee. Ni ya wale walioitengeneza huko Ulaya. Inaonyesha upande gani unalala juu. Basi."

Juu, mbali, sepetu zilikuwa zinakwaruza mawe.

"Bon," Narcisse akasema. "Basi tunachukua za nyuma. Angalia ile vumbi. Mutu anaficha kizuri nyuma. Ya zamani zaidi ndiyo bora."

Niyonshuti akatazama rafu ya nyuma. Imejaa, hakuna pengo. Ili kuifikia ilibidi kuinama, tena kuinama hasa. Akarudi kwenye ile ya mlangoni. Ilikuwa usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama. Chupa zake zilikuwa nyingi kuliko za rafu nyingine zote, na hapa na pale palikuwa na mapengo, na mbao za mapengo zilikuwa safi.

"Ni hizi," alisema.

"Unajuaje?"

"Goti. Muzee hakunji. Na angalia, kule nyuma hakuna aliyegusa miaka na miaka. Mutu hachagui kitu cha kunywa maisha yake yote halafu akiache bila kukigusa. Kile unachopenda unakiweka karibu na mukono."

"Unaongea mambo ya mapenzi, sha. Mi naongea mali."

"Na mi naongea Muhire!"

Ilitoka kwa sauti kubwa. Claudette akaziba mdomo wake mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyepiga kelele.

Narcisse akamgeukia Niyonshuti. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile halikufika machoni. "Ntakibazo, haina shida. Kila mutu abebe anachoamini. We jaza toroli yako, mi najaza yangu. Patron iko na ulimi, atachagua."

Kabla umuganda haujaisha

Matambara chini, chupa katikati, udongo juu. Toroli ya Hakimu ilikuwa na udongo mtupu, kwa ajili ya macho ya watu.

Walitoka geti la nyuma, wakaingia barabarani. Njia ilikuwa moja, na ilipita mbele ya shimo.

"Nyie watatu!"

Alikuwa Cansilde, mkuu wa umudugudu, kiongozi wa mtaa ule, kofia ya majani na filimbi shingoni. Mwanamke aliyewahi kumrudisha bwana harusi nyumbani kuchukua jembe. "Udongo unakwenda wapi? Shimo iko hapa!"

Hakimu akakimbia mbele na toroli yake, karibu aanguke nayo, akamwaga. Pwaa.

"Na zile zingine. We, Shuti. Mwaga."

Niyonshuti akaegemea mikono ya toroli. Mzee Ndahiro alikuwa hatua chache tu, anamtazama kwa uso wa mtu anayesubiri hadithi. Gurudumu likateleza kwenye jiwe, na ndani ya udongo kitu kikalia.

Kling.

Cansilde akakaza macho. "Hiyo nini?"

Nyuma yake Niyonshuti alisikia Narcisse anashusha toroli yake taratibu, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Niyonshuti akafungua mdomo na kuuacha ufanye kazi yake.

"Chupa, madamu. Vioo. Tumechimba pale nyuma kwa ukuta, kumbe iko jalala ya zamani, vioo vitupu. Mi nimwage? Nitamwaga. Lakini watoto wanapita hapa bila viatu, kesho wakikatwa utasema ni Shuti."

"Vioo? Kwa barabara yangu?" Cansilde akarudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Peleka mbali! Mbali kabisa! Na usitikise!" Akapuliza filimbi. "Wapisheni! Iko vioo hapa!"

Watu wakapisha. Mzee Ndahiro akashika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akauondoa njiani kusudi toroli ipite.

"Pole na kazi, kijana," alisema.

"Asante, Muzee," Niyonshuti alijibu, na porto ya mzee ikapita mbele ya magoti yake.

Umuganda umeisha

Watu walikuwa bado kwenye mkutano wa mwisho wakati Hakimu alipokuwa akishona midomo ya magunia. Viazi nje, chupa na matambara katikati. Kwa Niyonshuti, magunia. Kwa Narcisse, begi mbili za mgongoni.

"Gari zimeanza kutembea," Narcisse alisema. "Shuti, we unachukua Dyna na viazi, njia kubwa mupaka Bugeshi. Gari ya viazi nani anaiangalia? Mi napanda pikipiki, napita Mudende. Kule ni kwetu, nilikulia kwenye mifereji ya viazi, kila njia naijua."

"Kwa nini tusiende pamoja?"

"Wakikamata moja, ingine inafika. Unataka mudogo wako ashuke ama hutaki?"

Hakimu alijichoma kidole. Alikinyonya, akashona, akakata uzi kwa meno. Alipomkabidhi Niyonshuti gunia la mwisho hakumtazama usoni.

"Fundi, iko nini?"

"Hakuna." Hakimu akafuta mikono kwenye suruali. "Nenda pole pole tu, ndugu yangu."

Claudette alikuwa ameshaondoka. Alikwenda kurudisha ufunguo kwenye koti.

Saa tisa inakaribia

Barabara ilipanda. Hewa ikawa baridi, migomba ikaisha, mashamba yakaanza, meusi, yamepangwa mistari. Ukungu ulikuwa umekalia bega la volkeno. Niyonshuti alitazama saa ya gari zaidi ya barabara. Saa tisa Rwema anakaa na glasi yake.

Kwenye kona mama mmoja mwenye kapu alimpungia mkono. Hakuwa na muda. Lakini Shuti hajawahi kumpita mzee barabarani, na mguu ulishakanyaga breki kabla ya akili.

"Mwiriwe, mwanangu," mama alimsalimia akipanda. "Mi ni Nyirasafari. Unafika wapi?"

"Mwiriwe, mama. Bugeshi."

"Mungu akubariki. Na huko nyuma umebeba nini?"

"Viazi."

"Umetoa wapi kwetu? Kwa nani?"

"Sijatoa, mama. Napeleka."

Mama Nyirasafari akageuka kumtazama vizuri. "Unapeleka viazi. Bugeshi."

"Ndiyo."

Kilianza kama kikohozi. Kisha mama akashika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili akacheka mpaka machozi, akapiga dashibodi, akacheka tena. "Mana weee! Anapeleka viazi Bugeshi! Mwanangu, kule viazi ndiyo tunakula, ndiyo tunauza, ngombe zetu zinakula. Kila gari inashuka na viazi. Leo nimeona moja inapanda nayo! We ni mutoto wa wapi?"

"Wa mujini, mama."

"Inaonekana! Na nani amekutuma?"

"Chef wangu."

"Naye wa mujini?"

"Hapana. Wa Mudende."

Kicheko kikakatika. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hapana, mwanangu," alisema. "Mutu wa Mudende hawezi kukosea ile."

Niyonshuti akaondoa mguu kwenye mafuta.

Mwendesha pikipiki alikuwa anateremka kwa kasi. Aliona Dyna, akapunguza, akapaza sauti dirishani kama wanavyofanya wenye barabara: "Grand! Afande wamejaa pale juu! Wanauliza Dyna ya viazi inayopanda! Ni we?" Akaenda zake.

Inayopanda. Ilikuwa moja tu siku ile, labda mwaka ule. Narcisse hakuhitaji hata kutaja namba ya gari. Alipiga simu moja, polisi wote wakahamia njia kubwa, na yeye akapita Mudende anapiga mluzi. Na Hakimu alijua. Alijua na sindano mkononi.

Niyonshuti alipiga simu ya Narcisse. Imezimwa.

Alizima gari, akakaa na mikono kwenye usukani. Angeweza kugeuza. Nusu saa angekuwa mjini, angeacha gari kwa mwenyewe, angekunywa chai na kuuliza habari kama kila mtu. Lakini sasa hivi Narcisse anaweka chupa zake za vumbi mezani kwa Rwema. Na Muhire amekaa upande wa pili wa meza hiyo.

"Mama," alisema. "Iko njia ya miguu?"

"Iko. Inapita nyuma ya kanisa." Mama Nyirasafari hakucheka tena. "Umefanya nini, mwanangu?"

"Mama, ukinionyesha njia nitakuambia yote."

"Basi shuka. Tutaongea tukitembea."

Alichana gunia kwa kisu, akaingiza mkono kati ya viazi mpaka bega. Alitoa chupa moja. Nyingine zilikuwa chini zaidi, na ulimi hauhitaji gunia zima. Aliilaza tumboni, ndani ya koti, chokaa juu, kama ilivyolala miaka yote, akafunga zipu na kuiacha Dyna kando ya barabara na milango imefungwa.

Saa tisa

Mama Nyirasafari alimwonyesha geti akaenda zake, na vijana wawili pale wakampekua. Walipoona chupa walimpisha.

Nyumba ya Rwema ilikuwa baridi kama lile ghala. Rwema mwenyewe alikuwa mwembamba kuliko jina lake, blanketi begani, glasi moja ndogo mbele yake. Narcisse alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mezani kulikuwa na chupa tano, zote zimefunguliwa. Na kwenye kona, juu ya kigoda, mikono katikati ya magoti, alikuwa Muhire, na viatu vyake tayari vilikuwa vimefungwa kamba mpaka juu, viatu vya mtu anayetakiwa kupanda mlima.

"Mukubwa," Muhire alimwita kaka yake.

Narcisse akageuka. Rangi ilimtoka, ikarudi. "Shuti! Patron, huyu amekamatwa, mi nimesikia, amekuja na polisi nyuma—"

"Nyamaza," Rwema alisema. Hakupaza sauti. Alisukuma chupa moja kwa kidole. "Hizi zimekufa. Chupa tano, maiti tano. Ni siki. Nilikuwa nanawa mudomo." Akamtazama Niyonshuti. "Na we umeleta nini?"

Niyonshuti akaitoa chupa, bado imelala, akaiweka mezani bila kuigeuza.

"Nani amekufundisha kuibeba hivyo?"

"Chokaa yake, Patron."

Rwema aliifungua mwenyewe, polepole. Kizibo kilimeguka, akakitoa vipande vipande, akavisoma kwenye kiganja. Hakusema mwaka. Mpishi alileta kitambaa cheupe, wakachuja ndani ya jagi, na matope meusi yakabaki kwenye kitambaa. Kilichopita kilikuwa chekundu cha kutisha.

Glasi ndogo. Akanusa. Akanywa.

Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Muhire alikuwa amefumba macho. Narcisse alikuwa anatazama mlango.

Rwema alishikilia ile porto mdomoni muda mrefu, muda wa mtu aliyekatazwa vingine vyote. Kisha ikashuka kooni, na uso wake ukalegea, ukawa uso wa mgeni kwenye meza ya Ijumaa.

"Ndiyo hii," alisema. "Ziko ngapi?"

"Hiyo moja, Patron. Nyingine ziko kwenye gari, na gari sasa iko na polisi."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye," Niyonshuti alisema. "Ye ni mutoto wa Mudende. Alinipa gunia za viazi nipande nazo Bugeshi."

Vijana wa getini walitazamana. Mpishi akaweka jagi chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, chumba kizima kilikuwa cha watu wa viazi. Rwema alimgeukia Narcisse, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Viazi," alisema. "Kupanda."

"Patron, ilikuwa haraka, sikufikiri—"

"Mutu wa Mudende hafikiri viazi, anazijua." Akaiweka glasi chini. "Umeniitia polisi kwenye njia ya porto yangu. Kwa sababu yako nimepata chupa moja badala ya maisha mazima." Akamtazama Muhire. "Nilisema mwaka, mwaka umekuja. Neno langu ni neno. Kijana, ondoka na kaka yako." Kisha kwa vijana wake: "Huyu mwingine muvalisheni viatu vizuri."

Narcisse alianza kusema jina la Niyonshuti, akalisema tena na tena, "Shuti, Shuti, sha, waambie." Niyonshuti alimshika mdogo wake kiwiko, wakatoka. Hakugeuka. Kelele ya kiti kilichoanguka ilimfuata mpaka getini.

Baada ya saa tisa

Waliteremka njia ya miguu karibu wakimbie. Muhire aliongea mfululizo, meno yanagongana, jinsi walivyomlisha vizuri, jinsi alivyomnyoa Rwema ndevu asubuhi na wembe ukawa shingoni kabisa na hakuthubutu.

"Ungethubutu tungekuzika," Niyonshuti alisema, akacheka, na kicheko kikamshinda nusu.

Chini, pale njia inapokutana na kanisa, wanawake walikuwa wanapanda kutoka sokoni na makapu matupu. Kati yao kulikuwa na polisi wawili. Waliuliza, na wanawake walijibu wote kwa pamoja, kwa mikono, kwa furaha. Habari ya mtu aliyeleta viazi Bugeshi ilikuwa imeshafika kila nyumba, na pamoja nayo rangi ya koti lake, urefu wake, na njia aliyopita.

Niyonshuti akasimama nyuma ya ua wa miti. Wao wanatafuta mtu mmoja. Walimjua dereva. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari za Muhire.

"Mi nashuka kwanza," alisema. "We hesabu pole pole, halafu pita. Hunijui."

"Mukubwa, hapana. Tunarudi juu, tunapita—"

"Kurudi juu kwa nani? Muhire. Hunijui. Ukifika mujini fungua kibanda, Jumatatu nataka nisikie umefungua."

Muhire akafungua mdomo. Niyonshuti akauziba kwa kiganja, akakibakiza pale muda zaidi kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoka nyuma ya miti, mikono ikionekana, akateremka katikati ya njia.

"Huyo! Ndiyo yeye!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

Hawakumkimbiza. Aliwafikia mwenyewe, akageuka, akatoa mikono nyuma. Pingu zilikuwa baridi kama kila kitu huko juu.

"Ulikuwa na nani?" afande aliuliza.

"Peke yangu."

"Wote hivyo wanasema. Nani alikusaidia?"

"Afande, mutu aliye na musaidizi angepeleka viazi Bugeshi?"

Wanawake wakaangua kicheko, na afande mwenyewe akageuza uso. Kwenye kicheko hicho kijana mmoja mwenye viatu vilivyofungwa mpaka juu aliteremka kati ya makapu, mikono mifukoni, macho ardhini. Alipofika usawa wao alisimama, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyosimama mbele ya wakubwa.

"Mwiriwe," alisema.

"Mwiriwe neza," Niyonshuti alimjibu, na akatazama upande mwingine mpaka hatua zile ziliposhuka na kupotea.